Mwalimu Thamosi na Sahani ya Cansilde

Kama hujawahi kumwona mtu amevaa koti la sufu saa saba mchana, jua limekaa utosini na mbuzi wote wamekimbilia kivulini, basi hujafika Nyu Kongo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ukamkuta Mwalimu Damascène. Koti lenyewe la kahawia, lina viraka viwikoni, na kifungo chake cha tatu kimetoka kwenye shati la marehemu fulani. Mwulize kama haoni joto. Atakujibu kwamba koti halileti joto, koti linazuia tu. "Cha nje kibaki nje, cha ndani kibaki ndani," atasema, kisha atavuta ukosi uzidi kumbana shingo. Jasho linamchuruzika hadi kidevuni, lakini hoja yake haiachi ng'o.

Huko kwao, milimani juu ya Uvira, Kongo ya mashariki, alikuwa akifundisha fizikia katika shule ya sekondari yenye madirisha ya vioo, jambo ambalo hajachoka kulitaja. Vita vikamtupa Uganda, yeye na mkewe Mukandayisenga. Mke akafa kwa malaria mwaka wa pili wa ukimbizi. Hawakujaliwa watoto. Mwalimu akabaki na koti, sanduku la chaki na somo moja analolipenda kuliko yote: mifumo, na jinsi inavyopeana vitu na joto na dunia inayoizunguka.

Usidhani analifundisha darasani tu. Kila siku wanafunzi wakishaondoka, yuko kwenye kibanda cha maziwa cha Byamungu, na hapo hata mtu aliyekuja kununua maziwa ya mtoto lazima asomeshwe kwanza.

"Tazameni hapa," husema, akinyooshea kidole sufuria iliyo jikoni. "Haina kifuniko. Mvuke unatoka, harufu inatoka, joto linatoka, na nzi asipoangalia anaingia. Huu ni mfumo wazi: vitu vinapita, joto linapita." Kisha huchukua kifuniko akakibana. "Sasa mvuke hauna njia. Maziwa yaliyomo ndiyo hayo hayo. Lakini hebu gusa ubavu wake." Lazima atokee mmoja wa kugusa, aungue, watu wacheke. "Voilà! Kitu hakitoki, joto linatoka. Huo ni mfumo uliofungwa." Mwisho huinyanyua thamosi ya chai na kuipakata. "Na huyu je? Hatoi kitu, hatoi joto. Hapokei kitu, hapokei joto. Ametengwa na dunia. Huo ndio mfumo uliotengwa, na hapo ndipo penye heshima."

Akishamaliza vyombo, huhamia kwa watu. Siku moja alimwita Byamungu mfumo wazi, kwa kuwa kila kinachoingia sikioni mwake hutoka mdomoni, tena kikiwa moto kuliko kilivyoingia. Mchungaji akawa mfumo uliofungwa: mahubiri yake yanapasha joto kanisa zima, lakini hujawahi kuona kijiko cha sukari kikitoka nyumbani kwake. Mke wa mchungaji, Sidonie, alikuwa hapo hapo siku hiyo akasikia yote. Akacheka mpaka akashika mbavu, maana ukweli hauna kinga.

"Na weye mwenyewe, Mwalimu?" akamuuliza.

Mwalimu akashika ukosi wa koti. "Mimi? Mimi ni thamosi."

Kumbe maskini ameshajibatiza mwenyewe. Tangu siku hiyo ni Mwalimu Thamosi, hata watoto wadogo wanamwamkia hivyo, "Shikamoo Mwalimu Thamosi," naye anaitika bila kinyongo.

Ila siku ile ya ubatizo kulikuwa na mama mmoja amesimama pembeni na kidumu chake cha maziwa. Alikuwa Cansilde, jirani wa Mwalimu, mjane, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha wafu na mkono wa mapishi wa kuwalaza tena. Akasema, taratibu tu, huku akifunga kidumu, "Thamosi ni kitu nzuri. Lakini thamosi ambayo hakuna mutu anamimina, Mwalimu, ile chai ni ya nani?"

Watu wakaguna.

Sasa ili ujue kwa nini watu waliguna, lazima nikueleze habari ya sahani.

Cansilde, ambaye majirani wote humwita Mama Uwera kwa jina la bintiye, alikuwa na sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu. Kila Jumapili baada ya ibada, kuanzia mwezi mmoja tu baada ya Mukandayisenga kuzikwa, sahani hiyo ilivuka ua kwenda kwa Mwalimu, imefunikwa na sahani nyingine. Ugali na sombe ya majani ya muhogo, au maharagwe na ndizi, au wali siku ambayo Mungu amekumbuka watu. Moto, unafuka. Na kila Jumatatu asubuhi Mwalimu aliirudisha sahani, imeoshwa kwa mchanga na sabuni mpaka unaweza kujitazama meno. Imeoshwa, inang'aa, na tupu.

Tupu, jamani! Mtu wa kule kwetu anajua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unatia chumvi kidogo, vitunguu viwili, ndizi, kiazi. Huna kabisa? Tia njiti tano za kiberiti, mtu ajue kwamba umemkumbuka. Mkono mtupu haulambwi, na sahani tupu ni karibu na tusi. Kutoa ni moyo, si utajiri. Hata mwizi anajua hilo. Na huyu msomi wetu, mwenye fizikia ya Uvira, mwaka wa kwanza sahani tupu, mwaka wa pili sahani tupu, mpaka mwaka wa nne.

Usimhukumu haraka, lakini. Mambo ya sahani yalikuwa kazi ya marehemu mkewe. Sahani ya kwanza ilipokuja, aliiosha, akageuza nyumba nzima akitafuta cha kutia. Alikuta kipande cha sabuni na sanduku la chaki. Mtu hawezi kumpelekea mama wa watu chaki. Akairudisha tupu, uso chini, akiapa kwamba wiki ijayo atatia kitu. Wiki ijayo alikuwa na chumvi, lakini akaona kutia chumvi leo ni kukiri kwamba jana alikosea. Wiki ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Ilipofika mwaka, kutia hata kitunguu kimoja ingekuwa habari ya kijiji kizima: Mwalimu ana nini leo na Mama Uwera? Na kusema kweli alikuwa nacho. Alimpenda yule mama. Alimpenda kuanzia sahani ya tatu au ya nne, na kadiri alivyompenda ndivyo sahani ilivyozidi kurudi tupu. Huo ndio usomi.

Basi Uwera, binti yake Cansilde aliyeolewa huko Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, akajifungua mtoto wa kwanza. Akamwita mama yake amuogeshee mtoto. Akaongeza kwamba nyumba yao ina chumba cha pili: mama, kwa nini usihamie kabisa?

Jumapili hiyo baada ya kwaya, Cansilde alisimama yeye mwenyewe mlangoni kwa Mwalimu, sahani mkononi. Siku zote alikuwa akiituma kwa mtoto yeyote anayepita.

"Kesho naenda Biharwe," akasema. "Nimeachia Mama Mchungaji ufunguo. Nikikaa kule mupaka Jumapili ingine sijarudi, atawapa ile nyumba bale bageni ba Fizi benye kufika juzi, wako na batoto."

"Ni vizuri," akasema Mwalimu.

"Ni vizuri?"

"Nafasi isikae bure."

Cansilde akamtazama. Akamtazama tena. "Basi, kama kuna mutu iko na neno, aseme."

Mwalimu alikuwa na neno. Lilikuwa limefika kooni, likakuta ukosi wa koti. Alichosema, na Mungu amsamehe, ni, "Safari njema, Mama Uwera. Nitaiosha sahani."

Jumatatu akaondoka. Sahani ikabaki kwa Mwalimu, mezani, imeoshwa, haina pa kurudi.

Jumanne Mwalimu alifundisha mchana kutwa asijue alichofundisha. Jumatano Sidonie akaingia bila hodi, ufunguo wa Cansilde umening'inia kwenye kamba ya kitenge chake, akaikuta sahani inang'aa mezani.

"Mwalimu, mi sina maneno mingi. Jumapili ntatoa huu ufunguo. Bale bantu banalala mu kanisa, siwezi kungoja. Unataka yule mama arudi ao hautaki?"

Mwalimu akaisogeza sahani katikati ya meza.

"Niko nauliza, Thamosi!"

"Nataka," akasema Mwalimu, kwa sauti ndogo sana. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kupita pale kooni, na Sidonie alikaa chini kwa mshangao.

"Basi mupelekee sahani yake. Na utie kitu ndani, weye mwanaume!"

"Kitu gani? Baada ya miaka minne niende na chumvi?"

Sidonie alikuwa ameshatoka. Mwalimu akachukua chaki, akaenda kwenye ubao wake mdogo ulioegemea ukuta, maana mtu huyu hawezi kufikiri bila ubao. Jumapili hamsini na mbili mara nne: sahani mia mbili na nane. Zote zilikuja za moto. Joto halipotei, hilo huwafundisha hata watoto. Linahama tu, linatoka hapa linaingia pale. Sasa joto la sahani mia mbili na nane lilikuwa limeingia kwake, na kutoka halijatoka. Liko wapi? Akajishika kifuani juu ya koti. Akaelewa. Chumvi haitoshi. Kilichokuja moto lazima kirudi moto.

Lakini Biharwe ni mbali. Ugali ukitoka Nakivale asubuhi, unafika mchana umekuwa tofali. Hapo ndipo fizikia, baada ya kumponza miaka yote hiyo, ilipojaribu kumsaidia.

Alifuma mpango wa kikapu. Nakivale kuni ni shida, na kina mama kadhaa hupika hivi: unachemsha maharagwe nusu saa tu, unabana kifuniko, unaizika sufuria ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu ya mgomba na blanketi juu. Moto hauhitajiki tena. Joto lililomo halina njia ya kutoka, kwa hiyo linafanya kazi mle mle ndani, na baada ya saa tano maharagwe yameiva yenyewe. Sharti ni moja: usifungue. Ukifunua kifuniko, hata kwa kuchungulia, umeacha mvuke na joto viende zao, na maharagwe yanabaki njiani, si mabichi si mabivu. Mwalimu alikuwa amewahubiria watu sharti hilo mpaka wakaliota usingizini. Sasa atalitimiza mwenyewe. Maharagwe yataivia barabarani, atafunua mbele ya Cansilde, mvuke utapanda, na mvuke useme kile ambacho yeye hawezi kusema.

Alhamisi alfajiri akachemsha maharagwe aliyoyaloweka tangu jana yake, akatia kitunguu, akabana kifuniko kwa kamba. Akaizika sufuria. Majani yakajaa, lile blanketi la kijivu tulilopewa wote siku ya kwanza kambini likafunika, na bado upande mmoja ulikuwa na pengo la kutosha kupitisha ngumi. Akatafuta kitambaa. Akatazama huku na huku. Mwisho akajitazama.

Nakwambia, alipopita kwenye kibanda cha Byamungu bila koti, watu wawili walisimama. Byamungu akavua kofia. "Mwalimu, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Sowedi ameshafika?"

Sowedi ni kijana wa Biharwe, mwislamu mpole, mwenye gari dogo lenye tangi la maziwa mgongoni. Kila asubuhi hupakia maziwa ya wafugaji na kuyapeleka kiwandani Mbarara. Akampakia Mwalimu mbele, kikapu mapajani, na sahani ya bati juu ya kikapu.

"Mzee, hii tangi yangu iko na ukuta mbili," Sowedi akamweleza njiani, bila kuulizwa, na Mwalimu akampenda hapo hapo. "Maziwa inaingia baridi, inafika baridi. Lakini mimi sifungui. Hata mke wangu asimame barabarani analia, kufungua ni kule kiwandani tu."

"Mfumo uliotengwa," akasema Mwalimu.

"Hiyo sijui, sebo," akasema Sowedi, akimwita bwana kwa lugha ya kwao. "Mimi najua maziwa."

Karibu na Mbarara kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari akazunguka gari, akachungulia dirishani, akaona mzee amekumbatia kikapu kwa mikono miwili. Mtu akikumbatia kitu namna ile, hata mimi ningemshuku.

"Mzee, nini iko ndani?"

"Maharagwe, afande."

Askari akasogeza blanketi kwa kidole. "Maharagwe inavaa koti?"

"Inalinda joto. Afande, tafadhali, nikifungua..."

"Fungua."

"Ni mfumo uliotengwa, afande. Ukifungua unakuwa mfumo wazi. Mvuke utatoka na joto pamoja nao, na havirudi."

"Mzee." Askari alikuwa mvumilivu, lakini si sana. "Fungua."

Akafungua. Mvuke ukampiga askari usoni. Askari akanusa, akachota haragwe moja kwa ncha ya kalamu yake, akatafuna. "Hii bado," akatoa hukumu, akawaruhusu kwenda. Mwalimu akabana kifuniko upesi, akahesabu kichwani: nusu saa ya moto imekwenda bure. Si kitu. Nusu saa inaweza kusameheka.

Ila kosa la pili halikuwa la askari.

Kiwandani Sowedi aliingia ndani kupima maziwa, Mwalimu akaachwa peke yake kwenye gari na kikapu chake. Akakaa. Hakuna aliyemsumbua. Na mtu asiyesumbuliwa na mtu hujisumbua mwenyewe. Akaanza: na kama yameungua chini? Na kama ni machache? Na kama kuna jiwe? Na kama atacheka? Na kama ameshapenda Biharwe, chumba cha pili, umeme, maji ya bomba, halafu anatokea mzee na sufuria? Mkono ukaenda kwenye kamba. Alijua. Hakuna mtu Uganda nzima aliyejua vizuri zaidi yake kwamba mkono ule usifike pale. Akafunua.

Hakukuwa na jiwe. Hayakuwa machache. Akayatazama tu, kifuniko mkononi, mvuke ukimpitia usoni na kutokea dirishani, na hakuweza kukirudisha kifuniko. Alikuwa anaogopa. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, ameogopa sufuria. Katika kile kitabu chake cha Uvira kulikuwa na mstari mmoja ambao huuruka kila akifundisha: kwamba mfumo uliotengwa kabisa haupo duniani, kwamba hata thamosi bora, ukiipa muda, chai yake hupoa. Hakuupenda mstari ule. Sasa ulimkaa kichwani, hauondoki. Sowedi aliporudi, mvuke ulikuwa umekwisha.

Biharwe wakafika saa saba. Sowedi akamshusha karibu na nyumba ya Uwera. "Saa kumi napita narudi Nakivale, mzee. Usichelewe."

Cansilde alikuwa uani akianika nepi. Aliposikia hodi akageuka, akaona Mwalimu amesimama na shati tu, mabega membamba kama ya mwanafunzi. Nepi ikamdondoka.

"Nani amekufa?"

"Mbona kila mtu ananiuliza hivyo? Hakuna."

"Koti yako iko wapi?"

"Iko ndani ya kikapu."

"Na ndani ya koti muko nini?"

"Sufuria."

Cansilde akaokota nepi, akaikung'uta, akitafuta muda wa kutoonekana anatabasamu. Mwalimu akamnyooshea sahani kwa mikono miwili. "Nimekuletea sahani yako, Mama Uwera. Safari hii kuna kitu. Kipo hapa."

Uwera akatoka ndani na mtoto begani ili asipitwe na jambo. Kikapu kikawekwa chini, blanketi likatolewa, koti likatolewa likinuka vitunguu, kifuniko kikafunuliwa. Wote watatu wakainama kutazama. Hakuna kilichopanda. Cansilde akachota haragwe moja, akalitia mdomoni, akauma. Lilisikika.

"Mwalimu," akasema, "umeniletea mawe?"

Uwera akacheka mpaka mtoto akaamka. Mwalimu akasimama wima kama yuko mbele ya mkaguzi wa shule. Akaeleza nusu saa ya kuchemsha, akaeleza saa tano, akaeleza majani ya mgomba. Yangeiva, akasema. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila kilifunguliwa.

"Na nani?"

"Polisi, kwenye kizuizi."

"Mara moja tu?"

Hapo angeweza kudanganya. Askari hakuwepo kujitetea. Akashika mahali ambapo ukosi wa koti huwa, akakuta shingo tupu.

"Mara mbili. Ya pili ni mimi."

"Weye? Weye mwenye kupiga batu kelele juu ya kifuniko?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utacheka. Kwamba hautarudi. Cansilde, niliogopa kwamba hautarudi." Miaka yote alikuwa akimwita Mama Uwera. Uwera aliacha kucheka. "Sahani mia mbili na nane, zote zilifika za moto, na mimi sikusema hata siku moja."

Cansilde alipojibu, sauti ile ya kwaya ilikuwa imepungua. "Mi sikutaka chumvi yako, Mwalimu. Wala ndizi. Miaka ine nilitaka kujua tu kama ilikuwa inafika."

"Ilikuwa inafika," akasema Mwalimu.

Mama akajifuta jicho kwa ile nepi, mbichi hivyo hivyo, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Cansilde. "Basi kaa chini. Hii maharagwe inaomba saa mbili ingine ya moto, na mi siko na kikapu, niko na makaa." Akaibandika sufuria kwenye sigiri, bila kifuniko, mvuke ukaanza kupanda ovyo kuelekea Mbarara yote. Mwalimu akaona joto linavyopotea bure, akafumbua mdomo, akaufumba. Alikuwa amejifunza kitu.

Uwera akampa mtoto ampakate. Haikupita robo saa Mwalimu akahisi uvuguvugu mapajani unaoteremka hadi kwenye soksi.

"Huyu," akasema bila kusogea, "ni mfumo wazi."

Walicheka wote watatu, na Cansilde ndiye aliyechelewa kunyamaza. Maharagwe yaliiva. Hayakuwa na chumvi, maana Mwalimu alisahau kuitia, na waliyala kwenye ile sahani ya bati, wakarudia. Saa kumi honi ya Sowedi ikalia barabarani. Mwalimu akakusanya majani yake na blanketi lake. Akanyoosha mkono achukue koti, Cansilde akaliweka upande wa pili.

"Inanuka. Nitaifua."

Akanyoosha mkono achukue sufuria, Cansilde akaweka mkono wake juu ya kifuniko.

"Sahani nimepokea," akasema. "Hii sufuria ni yako, na weye umeniletea na chakula ndani. Unataka nikupe sasa, tupu? Mama yangu hakunilea vile. Jumamosi nitairudisha mi mwenyewe. Na umwambie Mama Mchungaji ule ufunguo asitoe. Bale bageni tutabatafutia fasi ingine, hata kwako muko vyumba viwili."

Mwalimu alifika kwenye gari hajui amefikaje. Sowedi akatia gia, akatazama kile kikapu chepesi mapajani mwa mzee.

"Sufuria umeacha, sebo?"

"Nimeiacha."

Walipopita kambi ya jeshi ya Makenke upepo ulianza kuingia dirishani. Sowedi akamwona mzee ana shati tu, akataka kufunga kioo.

"Acha wazi," akasema Mwalimu. "Itarudi Jumamosi. Na haitarudi tupu."